Mstari Unaoshuka: Kuisoma Grafu ya Pampu ya Intakula

Ukifungua boksi la pampu ya umeme ya maji utakuta karatasi yenye mambo mengi: maonyo, lugha sita, picha ya jinsi ya kufunga klipu, na mahali fulani pembeni, grafu. Grafu yenyewe ina mihimili miwili na mstari mmoja unaoanzia juu kushoto na kuishia chini kulia. Haijisifu wala haimbembelezi mnunuzi. Wengi huipita wakaenda kwenye nambari kubwa iliyochapishwa nje ya boksi, wakalipa, wakaondoka. Kwangu mimi grafu hiyo ndiyo maandishi bora kuliko yote yaliyomo humo, na anayebadilisha pampu ya intakula bila kuisoma amenunua jina tu.

Nieleze kwanza pampu hii inafanya kazi wapi. Turbo au supachaja ikiibana hewa, hewa inapata joto. Hewa ya moto ina oksijeni kidogo kwa kila lita, na inaifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Intakula ipo kuipoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye silinda. Magari mengi hupoza hewa kwa hewa: bomba nene linakwenda hadi mbele ya gari, upepo unapita, bomba linarudi. Mengine hupoza hewa kwa maji. Kiini cha intakula kinakaa kwenye injini yenyewe, njia ya hewa inakuwa fupi, na maji ndiyo yanayobeba joto hadi kwenye rejeta ndogo ya mbele. Golf 1.4 TSI ya kilowati 90, ambayo Nairobi ina nyingi zilizotoka Japani, imefichiwa intakula ya namna hiyo ndani ya manifoldi ya hewa, na pampu ndogo ya umeme inazungusha maji yake. Toyota nayo ilitengeneza Celica GT-Four ST185 za toleo maalumu, 5,000, zenye intakula ya maji, ili kutimiza masharti ya mashindano ya Kundi A. Jamii hiyo ya magari ndiyo iliyompa Carlos Sainz ushindi wa Safari Rally mwaka 1992 na Juha Kankkunen mwaka 1993.

Mwenye gari akipandisha presha ya turbo, akafunga kiini kikubwa na rejeta kubwa, pampu ya kiwandani huzidiwa. Anatafuta nyingine. Hapo ndipo nambari ya boksi inapomngoja.

Nambari hiyo husema lita kwa dakika, au lita kwa saa, au galoni kwa saa. Si uongo. Pampu kweli ilipimwa ikatoa maji kiasi hicho. Lakini ilipimwa mdomo ukiwa wazi, bila mpira, bila kiini, bila rejeta, bila kona hata moja. Ni sawa na kupima mwendo wa hamali akiwa hana gunia mgongoni. Kwenye grafu, nambari hiyo ni nukta ya mwisho kabisa ya mstari, pale unapogusa mhimili wa mlalo na presha kuwa sifuri.

Sasa tazama ncha zote mbili za mstari, kwa sababu fani ya grafu hii imejengwa juu yake. Ncha ya juu kushoto ni pampu iliyozibwa: inasukuma kwa nguvu zake zote na hakuna tone linalopita. Ncha ya chini kulia ni pampu iliyoachiwa: maji yanamwagika na hakuna kinachoyapinga. Kazi ambayo pampu inayafanyia maji kila sekunde ni presha mara mtiririko. Kwenye ncha ya kwanza mtiririko ni sifuri, kwenye ya pili presha ni sifuri, kwa hiyo kwenye ncha zote mbili kazi ni sifuri. Simulizi nzima ya pampu imo katikati, kwenye sehemu ya mstari isiyo na nambari yoyote iliyokolezwa wino. Aliyeandika boksi amechagua kunukuu mahali pasipo na tukio.

Jambo la pili la fani ni kwamba matini hii ni nusu. Mtengenezaji amechora mstari wa pampu peke yake, na mstari wa mfumo hakuuchora kwa sababu haujui: hajui mpira wako una urefu gani, kona ngapi, wala kiini chako kina njia nyembamba kiasi gani. Mstari huo wa pili ni lazima msomaji aulete mwenyewe. Unaanzia kwenye sifuri na kupanda kwenda kulia, tena haupandi kwa mwendo mmoja. Ukinzani wa maji yanayokimbia ndani ya bomba hukua takriban kwa kipeo cha pili cha mtiririko: ukizidisha mtiririko mara mbili, presha inayohitajika huwa mara nne. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo pampu itakapofanya kazi, iwe mwenye gari amepapenda au hakupapenda.

Nichukue mfano wa hesabu. Mfumo wa intakula, rejeta na mipira unahitaji presha ya bar 0.4 kupitisha lita 20 kwa dakika. Kwa kanuni ya kipeo cha pili, lita 40 zitahitaji bar 1.6. Mezani kuna pampu mbili. Ya kwanza boksi lake linasema lita 80 kwa dakika, na ikizibwa inafika bar 0.5. Ya pili inasema lita 40 tu, lakini ikizibwa inafika bar 1. Nikiichukua mistari yote miwili kuwa na mpindo wa kawaida wa pampu za aina hii, ile ya lita 80 inakutana na mfumo kwenye lita 21 na nusu hivi. Ile ya lita 40 inakutana nao karibu na lita 25. Pampu yenye nusu ya nambari inapitisha maji mengi zaidi, na hili si tukio la nadra. Litatokea kila mara mfumo unapokuwa mgumu na mstari wa pampu unapokuwa mrefu kwenda kulia lakini mfupi kwenda juu.

Mstari wenyewe una lafudhi, na inafaa kuisikiliza. Kuna mstari bapa: presha inashuka polepole huku mtiririko ukienda mbali. Pampu ya namna hiyo humwaga maji mengi palipo wazi, lakini ukinzani ukiongezeka kidogo tu inapoteza lita nyingi. Kuna mstari mkali: unaanzia juu sana na kuteremka upesi. Huo hausumbuliwi na kona moja zaidi au mpira ulioongezwa nusu mita, mtiririko unabaki palepale au karibu na hapo. Kwa intakula yenye kiini cha njia nyembamba nachagua mstari mkali bila kusita. Mstari bapa ni wa injini nzima, ambako njia za maji ni pana.

Kuna pia mistari ambayo siiamini. Mstari ulionyooka kama rula kutoka mhimili hadi mhimili, mara nyingi ni wa mtu aliyejua nukta mbili za mwisho akaziunganisha. Pampu iliyopimwa kweli huwa na mpindo, na nukta zake huonekana. Kuna grafu ambayo mhimili wake wa wima hauanzii sifuri, na mteremko ukaonekana mkali kuliko ulivyo. Kuna inayoandika presha kwa mita za maji pembeni mwa nyingine inayoandika kwa bar, na msomaji asiyekumbuka kwamba mita 10 za maji ni karibu bar 1 anadhani pampu yenye mita 5 inaishinda yenye bar 1. Galoni nazo ni mbili: ya Marekani ina lita 3.785 na ya Uingereza lita 4.546. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumchanganya mtu anayelinganisha pampu mbili karibu sawa.

Majina nayo husomwa. Kampuni ya Davies Craig ya Australia huziita pampu zake EWP80, EWP115, EWP150, na nambari hizo ni lita kwa dakika. Jina lenyewe ni nukta ya kulia ya grafu. Pierburg ya Ujerumani ina CWA 50, CWA 100, CWA 200, CWA 400, na hapo nambari inaashiria takriban wati za umeme. Hii ya mwisho naipenda zaidi. Wati hazikuambii utapata lita ngapi, lakini zinakuambia pampu ina nguvu kiasi gani ya kugawa kati ya presha na mtiririko, na mgawanyo wenyewe unaachiwa grafu. BMW ilipoanza kuitoa injini ya N52 mwaka 2004 iliachana na pampu kuu inayozungushwa na mkanda, ikafunga CWA 200 ya umeme. Kwa hiyo pampu hiyo hupatikana kwa wauza spea zilizotumika, na watu hushawishika kuifunga kwenye intakula kwa kuwa ni kubwa. Lakini iliumbwa kwa njia pana za injini ya silinda sita, na mstari wake unasema hivyo: maji mengi, presha ya wastani. Nambari 200 ikiwa juu ya 100 haina maana kwamba itakufaa mara mbili.

Tukiiacha karatasi tukashika pampu yenyewe mkononi, umbo linarudia maneno ya grafu. Chungulia kwenye mdomo wa kuingilia, ulio katikati. Ndani utaona mapanga. Maji yanaingia kitovuni, mapanga yanayazungusha, na yanarushwa kuelekea ukingoni, ambako nyumba ya pampu imejikunja kama ganda la konokono, njia ikipanuka kidogo kidogo hadi kwenye mdomo wa kutokea. Presha inatokana na kasi ya ncha ya mapanga. Gurudumu la mapanga lililo pana kwa kipenyo na jembamba kwa kimo, likizunguka haraka, hutoa presha kubwa na maji machache. Gurudumu lenye kipenyo kidogo na mapanga marefu ya kimo hutoa kinyume chake. Kwa hiyo mtu mwenye jicho anaweza kukisia mteremko wa mstari kabla hajaiona grafu.

Angalia na midomo. Pampu huuzwa kama ya mpira wa 19 mm, lakini 19 mm hiyo ni ya nje. Toa unene wa plastiki pande zote mbili na kilichobaki kwa maji ni kama 15 mm. Ukingoni mwa mdomo kuna mbavu ndogo ya kuushika mpira usichomoke, na kwenye nyumba kuna mshale uliochongwa pamoja na plastiki kuonyesha maji yanakoelekea. Pampu nyingi za kisasa hazina sili ya shafti: sumaku ya mota inazunguka ndani ya maji yenyewe, na maji hayo ndiyo yanayolainisha beringi. Uzuri wa ubunifu huo ni kwamba hakuna pa kuvujia. Gharama yake ni kwamba pampu ikizunguka kavu inajiua. Kwa sababu hiyo tangi dogo linatakiwa kuwa juu ya pampu, mdomo wa kuingilia uwe umejaa maji muda wote, na hewa itolewe yote kabla ya kulaumu kifaa. Pampu ya mapanga haivuti hewa. Ikikuta povu inazunguka tu.

Baada ya hapo huja swali la pampu mbili, na majibu mengi ninayoyasikia gereji hupuuza mstari wa mfumo. Pampu mbili zikifungwa sambamba, mistari yao inajumlishwa kwenda kulia: mtiririko mara mbili kwa presha ileile. Zikifungwa mfululizo, moja ikiilisha nyingine, mistari inajumlishwa kwenda juu. Rudi kwenye mfano wangu na pampu mbili za lita 80. Sambamba, boksi zinasema 160 na mfumo unapitisha kama lita 22, yaani mwenye gari amenunua pampu ya pili apate nusu lita. Mfululizo, mfumo unapitisha lita 29. Vifaa ni vilevile na fedha ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio.

Na hapa fani ya grafu inatoa zawadi ambayo boksi haliwezi kuitoa. Kuweka pampu ya pili mfululizo ni kuuinua mstari wa pampu mara mbili. Kuupunguza ukinzani wa mfumo kwa nusu ni kuushusha mstari wa mfumo mara mbili. Kwenye karatasi, makutano yanaangukia lita zilezile: 29. Aliyeondoa elbo kali za nyuzi 90, akaweka mipira iliyopinda kwa upole, na akaacha kuupitisha mpira mwembamba kutoka nyuma hadi mbele ya gari, amepata pampu nzima bila kununua pampu. Kipenyo ndicho chenye uzito kuliko vyote. Kwa mtiririko uleule, ukinzani wa mpira hupungua takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo, na kutoka 16 mm hadi 19 mm ya ndani ukinzani unashuka chini ya nusu. Ni milimita 3 tu. Fundi anayekuuzia pampu kabla ya kuuliza mipira ina upana gani anakuuzia dawa bila kukupima.

Je, lita ngapi zinatosha? Injini ya petroli ya nguvu ya farasi 300 huvuta karibu gramu 225 za hewa kwa sekunde. Kuishusha hewa hiyo kutoka nyuzi 130 hadi 50 ni kuitoa joto la kama kilowati 18. Maji ya lita 10 kwa dakika yakibeba kilowati hizo yatapanda nyuzi 26 kutoka kuingia hadi kutoka. Lita 20 yatapanda 13. Lita 40, sita na nusu. Lita 80, tatu na kidogo. Faida ya kwanza ni kubwa mno, ya pili ni nzuri, ya tatu haifidii umeme wala bei. Kwa gari la barabarani la nguvu hiyo, mfumo unaopitisha lita 20 hadi 30 za kweli umekaa vizuri, na fedha inayobaki iende kwenye rejeta ya mbele. Mombasa na Dar es Salaam hewa inaweza kuwa na nyuzi 33 mchana, na rejeta haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa inayoipitia, uwe na pampu ya namna gani.

Kuna kauli inayotembea kwamba maji yakienda mbio mno hayapati muda wa kupoa. Inasikika kama hekima, na ni kosa. Maji hayo hayo yanarudi kwenye rejeta mapema zaidi na mara nyingi zaidi, na ukuta wa rejeta unabaki na joto kubwa zaidi kwa wastani, jambo linaloongeza joto linalotoka. Mtiririko ukizidi hasara yake iko kwingine: umeme unaoliwa, na presha inayoshuka kwenye mdomo wa kuingilia hadi vipovu vya mvuke vinazaliwa na kuyala mapanga.

Lugha ya umeme nayo inaandikwa kwenye mstari, ingawa wengi hawaioni. Kasi ya mapanga ikishuka, mtiririko hushuka kwa kiasi kilekile, presha kwa kipeo cha pili, na nguvu inayotumika kwa kipeo cha tatu. Pampu inayodhibitiwa kwa mawimbi ya kidijitali ikizungushwa nusu ya kasi wakati gari linajiendea taratibu, hutumia takriban sehemu moja ya nane ya nguvu, kisha hupanda juu turbo inapoanza kusukuma. Huo ndio uzuri wa mota zisizo na brashi. Ubaya wa kanuni hiyohiyo unawapata waliofunga pampu ya brashi kwa waya mwembamba. Grafu ilipimwa kwa volti 13.5. Pampuni zinafika 12.2. Kasi inabaki asilimia 90, presha asilimia 82, na mwenye gari anadhani ameuziwa pampu mbovu. Rilei, fyuzi yake yenyewe na waya mnene kutoka kwenye betri ni sehemu ya usomaji wa grafu.

Ninachokosoa kwenye grafu nyingi ni ukimya wake. Volti isipoandikwa, mstari hauna maana kamili. Haisemwi kama kilichopimwa ni maji matupu au mchanganyiko na glaikoli, wala kilikuwa na joto gani. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu una mnato zaidi, na kila lita yake hubeba joto pungufu kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Pwani hakuna maji yanayoganda, kwa hiyo glaikoli inaweza kuwa kidogo, alimradi dawa ya kuzuia kutu iwemo ya kutosha kulinda alumini. Mtengenezaji anayeandika mambo haya matatu pembeni ya mstari anastahili kuaminiwa kuliko anayeongeza sifuri kwenye boksi.

Grafu nzuri inasomeka pia kinyumenyume, na hilo halihitaji kipima mtiririko. Funga geji mbili za presha, moja kabla ya pampu na moja baada yake, kwa kimo kimoja, hewa ikiwa imetolewa yote. Washa pampu, pima volti kwenye plagi yake hadi ilingane na iliyoandikwa kwenye karatasi. Toa usomaji mdogo kwenye mkubwa. Ukipata bar 0.46 kwa ile pampu ya boksi la lita 80, itafute 0.46 kwenye mhimili wa wima, nenda mlalo hadi ukute mstari, kisha shuka: lita 21 na nusu. Ikiwa mstari wa pampu yako ni bapa sana, rudia vipimo, maana kosa dogo la geji litakuwa kosa kubwa la lita. Nukta hiyo moja, pamoja na sifuri na kanuni ya kipeo cha pili, inatosha kuuchora mstari wote wa mfumo wako kwa penseli juu ya karatasi ileile ya mtengenezaji. Mstari huo sasa unaweza kuwekwa juu ya grafu ya pampu yoyote nyingine, kabla shilingi haijatoka mfukoni.